Jicho Linapokatiwa Damu

Watu wa Dodoma wanaujua upofu unaokuja taratibu. Vikope, ugonjwa ambao wataalamu huuita trakoma, vimesumbua vijiji vya Kongwa kizazi baada ya kizazi: mtoto anaambukizwa akiwa bado anabebwa mgongoni, kope zinaanza kujikunjia ndani akiwa ameshakuwa mama, na giza linamkuta akiitwa bibi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza kazi Kongwa miaka ya 1980, na utafiti wao uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuwanawisha watoto uso, pamoja na dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, hupunguza vikope vikali. Mtoto wa jicho naye huja kwa miaka. Presha ya macho huiba nuru kidogo kidogo hadi mwenyewe anaanza kujigonga kwenye miimo ya milango.

Kwa hiyo uwanda wa kati umezoea kuusubiri upofu. Kuna kambi za macho, kuna foleni ya upasuaji, kuna Hospitali ya Mvumi huko Chamwino ambayo kwa miaka mingi imekuwa kimbilio la wenye macho mabovu. Anayekosa nafasi mwezi huu atarudi mwezi ujao, na kwa kawaida hapotezi kikubwa.

Upofu unaozungumzwa katika sura hii hausubiri mwezi ujao. Mtu ameamka mzima, ameshika kikombe cha chai, na jicho moja linazima. Haliumi. Haliwashi, halitoi machozi, halijawa jekundu. Akiliziba lile zima kwa kiganja, la pili linamwonyesha kivuli tu, pengine mkono unaopungwa mbele yake. Wengine husema walikwishaonywa: siku chache kabla, jicho lilizima kwa dakika tano, mfano wa pazia lililoshuka na kupanda tena, wakamshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zao. Kukosa maumivu ndiko kunakowaponza. Jino likiuma usiku mtu hupiga hodi kwa jirani kutafuta dawa, lakini jicho lililozima kimya kimya huachwa lipumzike hadi kesho.

Kinachotokea ndani yake ni kukatika kwa damu. Ateri kubwa ya shingo, karotidi, hupanda kichwani na kutoa tawi linalokwenda kwenye tundu la jicho. Tawi hilo nalo hutoa kijimshipa kinachopenya katikati ya neva ya jicho na kutawanyika juu ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Upana wa kijimshipa hicho ni karibu milimita 0.16. Chembe ya mafuta iliyobanduka kwenye ukuta wa karotidi, au donge la damu lililotoka moyoni, inatosha kukiziba. Retina ni mlaji mkubwa wa oksijeni na haina akiba. Daktari Sohan Singh Hayreh, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, aliziba ateri hiyo kwenye macho ya kima na kupima muda. Hadi dakika 97 jicho lilipona bila doa. Baada ya dakika 240, yaani saa nne, retina ilikuwa imekwisha.

Saa nne. Tuchukue mfano wa dalali wa mahindi katika soko la Kibaigwa, mwenye miaka 62 na presha anayoinywea dawa siku anazokumbuka. Jicho lake linazima saa moja asubuhi wakati malori yanapakiwa. Hadi amalizane na mteja, anunue matone kwenye duka la dawa, ajaribu kulala kidogo, amweleze mkewe, na kijana wa jirani apatikane wa kumpeleka Dodoma mjini, saa nne zimeshapita bila yeye kupanda gari. Barabara ya lami ipo na safari yenyewe si ndefu. Muda wote umeliwa na kutojua kwamba kuna haraka.

Kituko ni kwamba ugonjwa huu hauhitaji mashine kubwa ili ujulikane. Mjerumani Hermann von Helmholtz alitengeneza oftalmoskopu, kile kitochi chenye lenzi cha kuchungulia ndani ya jicho, mwaka 1851. Miaka minane baadaye, Berlin, Albrecht von Graefe alieleza kwa mara ya kwanza jicho lililozibwa ateri yake, na mgonjwa wake alikuwa na maradhi ya moyo. Tangu hapo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa picha ileile: retina imepauka kama maziwa, na katikati kuna doa jekundu. Doa hilo si damu iliyovuja. Pale katikati retina ni nyembamba sana, kwa hiyo wekundu wa tabaka la nyuma, ambalo lina mishipa yake yenyewe, unachomoza. Hata kabla ya kuchungulia, tabibu mwenye tochi ya kawaida anaweza kuhamisha mwanga kutoka jicho hadi jicho na kuona mboni ya upande mbovu ikipanuka badala ya kusinyaa. Kazi yote haimalizi dakika tano. Ila doa jekundu huchukua saa kadhaa kujitokeza, na mgonjwa aliyewahi mapema anaweza kuwa na retina inayoonekana karibu ya kawaida. Hapo ndipo macho ya daktari yanapohitaji msaada.

Na hapo ndipo MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inapoingia, ingawa kwa mlango ambao wengi hawautarajii.

Mwaka 1973 TANU, chama kilichotawala wakati huo, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huohuo Paul Lauterbur, mkemia wa Marekani, alichapisha katika jarida la Nature picha za kwanza zilizochorwa kwa sumaku na mawimbi ya redio: mirija miwili ya maji, basi. Mambo yote mawili yalichukua muda kuonekana. Lauterbur na Mwingereza Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, leo ina mashine ya MRI, na mgonjwa wa Manyoni au Mpwapwa anayehitaji kipimo hicho halazimiki tena kufikiria safari ya Muhimbili.

Mashine hiyo haitumii mionzi ya eksirei. Sumaku yake, kwa kawaida yenye nguvu ya Tesla 1.5, ambayo ni maelfu ya mara ya nguvu ya sumaku ya dunia, hupanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili. Wimbi la redio huvitikisa, na vinaporudi mahali pake hutoa mwangwi ambao kompyuta huugeuza picha. Katikati ya miaka ya 1980 Mfaransa Denis Le Bihan aliongeza ujanja mmoja: kupiga picha ya jinsi maji yanavyotembea. Molekuli za maji mwilini huzurura ovyo, kama wateja katika soko la Majengo siku isiyo na msongamano. Seli zikikosa oksijeni, pampu zake husimama, maji huingia ndani, seli huvimba na vichochoro kati yake hubana. Maji hayana tena pa kuzurura. Kwenye picha ya aina hii, inayoitwa ya difyusheni, sehemu hiyo huwaka nyeupe. Mwaka 1990 watafiti wa San Francisco waliona kiharusi kwenye ubongo wa paka kwa njia hii ndani ya saa ya kwanza, wakati picha za kawaida za MRI zilikuwa bado hazionyeshi kitu.

Retina ni sehemu ya ubongo iliyochomoza nje. Katika mimba, jicho huota kutoka kwenye ubongo, na neva yake haifanani na neva za mkononi au mguuni. Kwa hiyo kinachowaka katika kiharusi cha ubongo kinapaswa kuwaka pia katika kiharusi cha jicho, na ndivyo ilivyo: mstari mwembamba mweupe kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, wakati mwingine na nukta nyeupe kwenye neva. Watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin ileile ya von Graefe, wamechunguza picha za wagonjwa wa namna hii na kukuta mstari huo kwa takriban theluthi mbili yao.

Theluthi moja inayobaki inatuambia mengi. Unene wa retina ni robo ya milimita hivi, wakati kipande kimoja cha picha ya difyusheni huwa na unene wa milimita tatu hadi tano. Hewa iliyo kwenye mianzi ya pua na mashimo ya mifupa ya uso huvuruga sumaku hapohapo karibu na macho. Mgonjwa naye hupepesa macho, hageuzi kichwa lakini anayafuata kwa macho makelele ya mashine. Anaambiwa ayafumbe na ayatulize, lakini jicho lililofumbwa lina tabia ya kutangatanga. Picha isiyo na mstari mweupe, basi, haithibitishi kwamba ateri iko wazi, na daktari anayeitegemea peke yake kumrudisha mtu nyumbani anamdhulumu.

Faida kubwa ya MRI iko nyuma ya jicho. Kitu kilichoziba ateri ya retina kilitoka mahali, na kilipokuwa kikipanda hakikuwa peke yake. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye ateri ya retina iliyoziba hukutwa na kiharusi kipya kwenye ubongo akipigwa picha ya difyusheni, na wengi wao hawana dalili hata moja: mikono ina nguvu, mdomo haujapinda, wanaongea vizuri. Ndiyo sababu mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba jicho la aina hii lihesabiwe kuwa kiharusi na mgonjwa apelekwe idara ya dharura, siyo kliniki ya macho ya Alhamisi. Siku na wiki za mwanzo ndizo za hatari zaidi kwa kiharusi kikubwa kumfuata.

Jambo hili lina upande mzuri ambao hautangazwi vya kutosha. Picha ya difyusheni ya ubongo tayari imebeba macho yote mawili ndani yake. Haihitaji kipimo cha ziada wala gharama ya ziada. Anahitajika msomaji wa picha aliyeambiwa aangalie huko. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya kichwa" itampeleka kwenye ubongo na kumwacha hapo. Fomu iliyoandikwa "jicho la kulia limezima ghafla leo saa moja asubuhi" itamfanya ashuke vipande viwili zaidi chini na kuchungulia. Pengo kati ya fomu hizo mbili ni kalamu ya tabibu wa kituo cha afya, na hiyo hainunuliwi kwa mkopo wa nje.

Mlango wa chumba cha MRI una mlinzi ambaye hana silaha ila maswali. Una chuma mwilini? Betri ya moyo? Risasi ya zamani? Uliwahi kuchomelea vyuma? Swali la mwisho huwashangaza mafundi, lakini lina historia. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa aliyekuwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya jicho bila kujua. Sumaku ilikisogeza na damu ikavuja ndani ya jicho lililokuwa zima. Katika mji unaojengwa kwa kasi ya Dodoma, ambako mageti na madirisha ya chuma hukatwa kando ya barabara na vijana wengi hawavai miwani ya kazi, swali hilo si la kujaza fomu tu. Fundi mwenye shaka hupigwa kwanza eksirei ya macho. Bangili, hereni, kipini na simu hubaki nje. Hata wanja unafutwa, kwa kuwa baadhi ya rangi za kupaka machoni zina oksidi ya chuma, na chembe hizo huchafua picha pale pale panapotafutwa ugonjwa. Kisha mgonjwa hulala, kizimba cha plastiki hufungwa juu ya uso wake, na mashine huanza kugonga na kunguruma. Picha za difyusheni zenyewe huchukua dakika chache.

Katika kikao hichohicho mashine inaweza kuchora mishipa ya shingo na kichwa bila kuchoma sindano yoyote, kwa kufuata damu inayotembea. Karotidi iliyobanwa huonekana imekonda. Ikibanwa sana, jicho la upande huo huweza kudhoofu polepole kwa njaa ya damu, likauma na kuona ukungu, hata kama ateri ya retina haijazibwa kwa kishindo. Lakini Dodoma, kama kwingine Tanzania, daktari hana budi kutazama mbali zaidi ya mafuta ya shingoni. Vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni hurusha madonge ya damu kwa vijana ambao hawajawahi kuambiwa wana lehemu. Moyo unaodunda bila mpangilio hufanya vivyo hivyo kwa wazee. Hayo huonekana kwa kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na ultrasaundi ya moyo, na MRI haiwezi kuchukua nafasi yake.

Halafu kuna selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 kila mwaka. Seli zilizojipinda huziba mishipa midogo ya retina na mikubwa ya ubongo, na mtoto anaweza kupata viharusi vidogo visivyoonekana ambavyo mwalimu huvisoma kama uvivu darasani. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ni habari njema ya wachache. Kwa walio wengi, dawa ya hydroxyurea na kliniki ya kila mara ndiyo kinga ya macho na ya ubongo.

Msomaji atauliza: je, jicho likijulikana mapema linaokolewa? Ukweli hapa haupendezi. Katika jaribio la Ulaya lililoitwa EAGLE, lililochapishwa mwaka 2010, madaktari walipitisha mrija hadi kwenye ateri ya jicho na kumwaga dawa ya kuyeyusha damu. Jaribio lilisimamishwa: waliopewa dawa hawakuona vizuri zaidi ya waliotibiwa kwa njia za kawaida, na walipata madhara mengi zaidi. Wagonjwa wake, hata hivyo, walikuwa wamechelewa. Dirisha lilikuwa hadi saa 20. Vituo vikubwa vimegeukia kutoa dawa hizo kwa sindano ya mshipa ndani ya saa nne na nusu, na hoja bado inabishaniwa. Kukanda jicho na kuvuta pumzi ndani ya mfuko wa karatasi, mbinu zilizofundishwa miaka mingi, hazina ushahidi wa maana. Kwa hiyo kwa dalali wetu wa Kibaigwa, MRI huenda isimrudishie jicho la kulia. Inaweza kumbakizia la kushoto, pamoja na mkono wa kushika kalamu na ulimi wa kupatana bei, kwa sababu itawaambia madaktari wampe aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, washushe presha yake, waanze dawa za lehemu na wamtazame moyo.

Ateri iliyoziba itofautishwe pia na ndugu yake. Mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye retina nao huziba, tena mara nyingi zaidi kuliko ateri, hasa kwa wenye presha na kisukari. Retina hujaa mabaka ya damu. Kwa huyo MRI haina kazi kubwa. Anahitaji daktari bingwa wa macho, picha za retina na pengine sindano ndani ya jicho.

Mashine hizi hazienezwi kirahisi: sumaku nyingi za MRI hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na gesi hiyo ni adimu na ghali. Ajabu ya jiografia ni kwamba mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza akiba kubwa ya heliamu katika bonde la Rukwa. Uganda imeingia kwa njia nyingine: katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake wa Uholanzi na Marekani waliunganisha mwaka 2022 mashine ndogo ya MRI isiyohitaji heliamu kabisa, kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Nguvu yake, takriban Tesla 0.05, haitoshi kuona retina. Kwa jicho, kifaa cha Afrika Mashariki chenye manufaa ya karibu zaidi kilizaliwa Nakuru, Kenya, ambako daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu simu ya mkononi inayopiga picha za nyuma ya jicho, mradi uliozaa taasisi ya Peek.

Kwa mkoa wa Dodoma, wenye watu 3,085,625 kwa sensa ya mwaka 2022, mashine moja au mbili za MRI haziwezi kuwa ndiyo jibu la kwanza. Kipimo cha presha kinachofanya kazi katika kila zahanati kitazuia macho mengi zaidi kuzima. Kitochi cha macho mkononi mwa tabibu aliyefundishwa kukitumia kitawatambua waliozimikiwa. MRI ifuate hapo, haraka, kwa swali lililoandikwa vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa Kondoa, Bahi au Kibakwe na jicho lako likazima ghafla, hata kama halikuumi, hata kama limerudi baada ya dakika kumi, usinunue matone na usilale nalo. Tazama saa. Nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, moja kwa moja idara ya dharura, ueleze lilizima saa ngapi, na uombe saa hiyo iandikwe kwenye fomu.